Kanda tano, kadi moja ya skazi, na herufi niliyoisahau

Najua nimekuwa kimya kwa muda, na wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nimepotelea kwenye kompyuta moja kuukuu, kanda tano na waya wenye pini 50, na leo nataka kuwasimulia yaliyonipata. Chapisho lenyewe ni refu kidogo, kwa hivyo kama una chai karibu, mimina kwanza.

Mambo yalianza Machi 2024. Nilipigiwa simu na mzee mmoja aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo huko bara. Jina la chama nitaliacha. Mwaka 2005 chama hicho kilinipa mojawapo ya kazi zangu za kwanza za kulipwa: niliwaandikia mfumo mdogo wa PHP na MySQL wa kuweka hesabu za wanachama, nikawawekea seva ya Linux, na ndani ya seva nikafunga kiendeshi cha kanda cha mtumba ili kila Ijumaa jioni nakala rudufu ya kila kitu iandikwe kwenye kanda.

"Kijana wa kompyuta," mzee akaniambia. Bado ananiita kijana ingawa mvi zimeanza kunitembelea. "Zile kanda zako bado ziko kabatini. Kuna mama hapa anahitaji zisomwe."

Mama huyo ni mjane. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, alijiunga na chama Aprili 2005 akafariki Agosti 2009. Mwaka 2010 chama kilinunua mfumo mwingine, na wakati wa kuhamisha hesabu, baadhi ya wanachama waliokuwa wamefariki au kujiondoa hawakuhamishwa. Madaftari ya karatasi yaliwekwa stoo, na mwaka 2013 paa la stoo lilivuja. Kila mama alipokwenda kuuliza hisa za mumewe, jibu lilikuwa moja: jina halionekani. Kadi ya uanachama anayo, cheti cha kifo anacho, lakini ni shilingi ngapi hakuna aliyejua. Kamati mpya ilisema iko tayari kulipa, mradi alete ushahidi wa michango.

Ushahidi wenyewe ulikuwa ndani ya kanda nilizoziandaa mimi. Nikamjibu mzee kwa kifua mbele, "Hilo ni jambo dogo, mzee wangu. Nipe siku mbili." Zikawa wiki tatu.

Kwa wale ambao hamjawahi kuiona, kanda ninayozungumzia inaitwa DDS. Ni ndogo kuliko kaseti ya muziki, na utepe wake una upana wa milimita 4. Aina yetu ilikuwa DDS-3, iliyotoka mwaka 1996: utepe wa mita 125 unaobeba GB 12. Kwenye boksi waliandika 24, lakini hiyo ni hesabu ya data iliyobanwa, na wauzaji wanapenda kuhesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa. Kasi yake ni kama MB 1 kwa sekunde. Leo simu yako inacheka, lakini wakati huo kilikuwa kifaa cha watu wazima.

Mzee alinitumia boksi kwa matatu. Ndani mlikuwa na kanda tano, za mwisho wa mwaka 2005 hadi 2009, kila moja na tarehe kwa kalamu ya wino. Zile za kila wiki zilipotea chama kilipohama ofisi. Mlikuwa pia na kiendeshi chenyewe, na kadi moja ndefu iliyochomolewa kwenye seva kabla haijauzwa kama chuma chakavu.

Jambo la kwanza nililofanya, na wewe ukipata kanda za zamani ulifanye kabla ya lingine lolote, ni kusukuma kile kidude kidogo cha plastiki nyuma ya kanda mpaka tundu lake liwe wazi. Kwenye DDS tundu likiwa wazi kanda haiandikiki. Kisha nikaziacha mezani siku nzima zizoee joto la chumba.

Kadi ya kwanza

Kiendeshi hicho hakitumii USB wala SATA. Kinatumia SCSI, ambayo sisi mafundi tunaitamka "skazi". Kompyuta ya leo haina tundu la skazi, na nyingi hazina hata sloti ya PCI ya zamani ya kuchomekea kadi yake. Bahati nzuri nina Pentium 4 ambayo mke wangu amekuwa akinisihi niitupe. Nikaweka Debian 12 ya biti 32, nikachomeka ile kadi ndefu iliyotoka kwenye seva (nusu ya meno yake ikabaki ikining'inia nje ya sloti, jambo ambalo si kosa, kwa kuwa kadi nyingi za biti 64 hufanya kazi hivyo), nikaunga waya, nikawasha.

Kimya. Kadi iliamka, ikajitambulisha, ikasema haijaona diski yoyote. Kiendeshi kilikuwa kimewaka taa ya kijani lakini Linux haikukiona. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha namba ya kiendeshi. Nikapoteza jioni mbili.

Jioni ya tatu nikaitazama ile kadi vizuri. Ilikuwa na kipande cha kumbukumbu kimechomekwa juu yake, na betri pembeni. Ndipo nikajipiga kofi la kichwa: ilikuwa kadi ya RAID. Kazi yake ni kukusanya diski kadhaa na kuionyesha kompyuta kitu kimoja tu kinachofanana na diski kubwa. Ni kama karani anayepokea barua zote mlangoni na kukuletea muhtasari. Kanda si diski, haiingii kwenye muhtasari wake, kwa hivyo karani huyu aliiacha nje. Kadi nyingi za RAID ziko hivyo. Mwaka 2005 mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga kadi ya pili ya kawaida kwa ajili ya kanda tu, na aliyevunja seva akachomoa ile iliyoonekana ya maana zaidi.

Luthuli

Nikaenda Nairobi, barabara ya Luthuli, nikazunguka vibandani na karatasi niliyoandika "Adaptec 2940". Hiyo ni kadi ya PCI iliyokuwa maarufu sana miaka ya 1990, na draiva yake ya Linux, aic7xxx, bado imo kwenye kerneli ya Debian hiyo. Vibanda vitatu walinitazama kama mtu anayeuliza bei ya mkufu wa punda. Cha nne, muuzaji akainama chini ya meza akatoka na katoni.

"Boss, hizi hata huwa nazipimia kwa kilo," akasema. "Chagua."

Nikachagua 2940UW na waya mmoja bapa wa pini 50. Nikalipa shilingi 800 na nikaona nimeiba.

Nyumbani nikachomeka, nikawasha, nikabonyeza Ctrl na A kuingia kwenye menyu ya kadi, nikaiambia itafute vifaa. Kadi yenyewe ni namba 7, kama kawaida ya skazi. Na pale kwenye namba 4 kikajitokeza kiendeshi changu, jina kamili na toleo. Ndugu zangu, nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Hebu tulia hapo kidogo, kwa sababu hisia ile ndiyo kiini cha hadithi yote. Nilikuwa nimewahi kuisikia mwaka 2005 katika ofisi ya chama, baada ya siku nne za kupigana na kiendeshi hiki hiki. Kifaa kilipojibu, nilijihisi nimemaliza. Niliandika skripti, nikaona taa inapepesa na kanda inazunguka, nikamwonyesha mwenyekiti, nikachukua hundi yangu, nikapanda matatu.

Mwangwi

Sasa kusoma. Nikatia kanda ya 2009, nikaamuru:

mt -f /dev/nst0 status

Ikajibu vizuri: kanda imo, iko mwanzo, haiandikiki. Nikaanza kusoma. Sekunde chache, kisha skrini ikajaa malalamiko: kosa la pariti, muda umekwisha, basi la skazi linaanzishwa upya. Nikajaribu tena. Yale yale. Nikajaribu kanda ya 2006. Yale yale.

Wasiwasi ukaniingia kwamba kanda zimekufa. Lakini kanda mbili za miaka tofauti kufa kwa njia moja, kwenye sekunde ile ile? Hapo nikashuku waya.

Skazi ina sheria moja ambayo imewakosesha watu usingizi tangu miaka ya 1980: waya lazima uwe na terminata kila mwisho. Sababu yake ni rahisi. Ishara ya umeme ikifika mwisho wa waya ulio wazi haipotei, inarudi. Ni kama kupiga kelele ukiwa ukingoni mwa bonde: mwangwi unarudi na kuligonga neno lako linalofuata. Terminata humeza ile ishara isirudi. Zinatakiwa mbili tu, moja kila mwisho, na katikati isiwepo. Upande mmoja kadi yangu ilijimalizia yenyewe. Upande wa pili ulikuwa na kiendeshi, na nyuma yake palikuwa na jampa iliyoandikwa TERM PWR. Nikaichomeka, nikadhani nimeweka terminata.

Sivyo. Jampa hiyo inapeleka tu umeme kwenye waya ili terminata, kama ipo, ipate nguvu. Nilikuwa nimevuta stima hadi kwenye chumba kisicho na taa.

Utauliza, basi mbona kiendeshi kilionekana kwenye menyu? Kwa sababu kujitambulisha ni maneno machache yanayosemwa polepole, na maneno machache hupita hata penye mwangwi. Mambo huharibika data inapoanza kumwagika kwa kasi. Ukikutana na kifaa cha skazi kinachosema jina lake vizuri lakini kinashindwa kazi, anzia kwenye terminata.

Terminata ya pini 50 sikuwa nayo, wala Luthuli sikuiona. Nikakumbuka kwamba diski nyingi za skazi za zamani zina terminata ndani, unaiwasha kwa jampa. Rafiki yangu mmoja ana Macintosh ya miaka ya 1990 iliyokufa, na Macintosh nyingi za enzi hizo zilitumia diski za skazi. Akanipa diski. Nikaweka jampa ya terminata, nikaipa namba 0 isigongane na wengine, nikaichomeka mwisho kabisa wa waya, kiendeshi kikahamia katikati. Kama diski yenyewe inasoma au haisomi sikujali. Niliiajiri kama mlinzi wa mlango wa nyuma.

Nikawasha. Hakuna kosa hata moja la pariti tangu siku hiyo.

Kulibaki kikwazo kidogo. Nilipotumia dd bila kutaja ukubwa wa bloku, Linux ikaniambia haiwezi kutenga kumbukumbu. Usiende kununua RAM! Maana yake ni kwamba bloku iliyo kwenye kanda ni kubwa kuliko nafasi uliyoiandalia. Tar ikiachwa huandika bloku za baiti 10,240, kwa hivyo nikaweka setblk 0 ili ukubwa wa bloku usifungwe, kisha bs=10k kwenye dd, na data ikaanza kutiririka kuelekea kwenye diski. Nikakaa nikisikiliza ule mlio wa kiendeshi kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi.

Kanda iliyonishtaki

Skripti yangu ya 2005, kwa jinsi nilivyoikumbuka, iliandika mafungu matatu kwenye kila kanda: kwanza hifadhidata, pili mipangilio ya seva kutoka /etc, tatu folda za wafanyakazi kutoka /home. Kanda ya 2009 ilianza kusoma kisha ikagoma baada ya MB chache. Nikapitisha kanda ya kusafisha vichwa, nikarudia, ikagoma palepale. Nilipoinua kifuniko chake kidogo nikaona utepe umekunjamana ukingoni. Nikaiweka kando nikachukua ya 2005.

Hiyo ilisoma hadi mwisho bila kukohoa. Nikafungua fungu la kwanza nikitarajia hifadhidata. Nikakuta folda za wafanyakazi.

Nikadhani nimeanzia mahali pasipo. Nikairudisha mwanzo, nikaruka kwenda fungu la pili. Hitilafu. Hakuna fungu la pili. Kanda ya 2006, vivyo hivyo. 2007, vivyo hivyo. 2008, vivyo hivyo. Kila kanda ilikuwa na fungu moja tu, lile la tatu, limekaa mahali pa kwanza.

Saa nane usiku nikaanza kulaumu waya tena, kadi tena, diski ya Macintosh. Kisha nikapata wazo la kupekua yale yaliyosomeka. Kati ya folda za wafanyakazi mlikuwa na yangu, maana nami nilikuwa na akaunti kwenye seva ile. Na ndani yake skripti yenyewe, mistari yangu ya mwaka 2005:

tar -cf /dev/st0 /var/backups/mysql
tar -cf /dev/st0 /etc
tar -cf /dev/st0 /home

Wanaojua wameshashika kichwa. Kwa wengine nieleze. Kwenye Linux kiendeshi kimoja cha kanda kina majina mawili. Ukikiita /dev/nst0, kanda hubaki pale ilipoishia. Ukikiita /dev/st0, kila kazi ikimalizika kanda hujirudisha yenyewe mwanzo. Tofauti ni herufi n.

Wale mliowahi kurekodi nyimbo kutoka redioni kwa kaseti, fikirieni redio inayorudisha kaseti mwanzo kila ukibonyeza kitufe cha kusimamisha. Unarekodi wimbo wa kwanza, unarekodi wa pili juu ya wa kwanza, unarekodi wa tatu juu ya wa pili. Mwisho wa siku una wimbo mmoja na unaamini una tatu. Na kiendeshi kikishaandika alama ya mwisho wa data, hakikubali kusoma chochote kilicho mbele yake, hata kama mabaki ya zamani bado yamo kwenye utepe.

Kila Ijumaa kwa miaka karibu mitano, skripti yangu iliandika hifadhidata ya wanachama, kisha ikaifuta. Haikutoa kosa hata moja, kwa sababu kila amri peke yake ilifaulu. Taa ilipepesa. Karani alibadilisha kanda kwa uaminifu na kuandika tarehe kwa wino. Watu wote walifanya kazi yao isipokuwa mimi, ambaye sikuwahi hata siku moja kuchukua kanda na kujaribu kuisoma.

Sikulala. Asubuhi nilimpigia mzee nikamwambia ukweli: michango iliyokuwa kwenye hifadhidata haimo, na haimo kwa kosa langu. Akanyamaza kidogo. "Sasa huyu mama nitamwambia nini?" akauliza. Sikuwa na jibu.

Folda ya mhasibu

Kilichotokea baadaye si ujanja wangu. Nilikuwa nikipitia zile folda za wafanyakazi kwa huzuni tu, nikafungua ya mhasibu wa wakati ule. Ndani mlikuwa na lahajedwali moja kwa kila mwezi: michango ya Aprili 2005, michango ya Mei 2005, na kuendelea. Kila mwanachama, namba yake, kiasi alichokatwa mwezi huo, jumla mpaka hapo.

Nilimkumbuka vizuri. Mwaka 2005 nilipokuwa nikimfundisha mfumo aliniuliza, "Na hii kitu yako siku moja ikatae kuamka?" Nikamwambia kwa majivuno ya ujana kwamba kuna nakala rudufu. Akasema sawa. Kumbe kila mwisho wa mwezi alikuwa akitoa orodha nzima na kuihifadhi kwenye folda yake, kimya kimya, bila kuniambia.

Amestaafu sasa. Nilimtafuta nikampigia kumshukuru, nikamweleza kosa langu lote. Akacheka sana.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulisomea hesabu kwa daftari. Hesabu moja iliyoandikwa mahali pamoja bado ni uvumi."

Kanda ya 2008 ilikuwa na folda hiyo yote hadi Desemba 2008. Jina la mwalimu lilikuwemo kila mwezi tangu Aprili 2005: shilingi 2,000 kwa mwezi hadi mwisho wa 2006, ambayo ni miezi 21 na shilingi 42,000, kisha 3,000 kwa mwezi mwaka 2007 na 2008, ambayo ni miezi 24 na shilingi 72,000. Jumla 114,000. Ilibaki miezi saba ya 2009, ambayo kanda yake imekunjamana. Nilipomwambia mama hivyo kwa simu, akaniuliza, "Ni ile miezi ya mwisho? Subiri kidogo." Akarudi na hati za mshahara za mumewe za miezi hiyo saba, alizozikuta kwenye mfuko wa koti lake la shule na hakuwahi kuzitoa. Kila moja ilionyesha makato ya 3,000. Shilingi 21,000. Jumla kuu 135,000, kabla ya gawio.

Kamati ililinganisha, ikakubali, na Juni 2024 mama akalipwa. Alinipigia kunishukuru, nikamwambia anayestahili shukrani ni mhasibu. "Najua," akasema, "mzee ameniambia yote. Lakini wewe ndiwe uliyerudi." Neno hilo nimelibeba.

Lahajedwali zile zilikuwa na wanachama wengine pia ambao majina yao hayakuhamishwa mwaka 2010. Chama sasa kinawatafuta mmoja mmoja. Wengi wao hawana hati za mshahara za 2009 kwenye mfuko wa koti, kwa hivyo miezi ile bado ni pengo, na pengo hilo lina jina langu.

Kama inakufariji, kama ilivyonifariji mimi, hata wakubwa yamewapata. Mwaka 1998 pale Pixar, mtu alitoa amri iliyofuta sehemu kubwa ya faili za Toy Story 2. Walipokimbilia nakala rudufu wakakuta haziko sawa, na hakuna aliyekuwa amegundua. Filamu iliokolewa kwa sababu mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, alikuwa na nakala nyumbani, kwa kuwa alikuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua. Kila ofisi ina mhasibu wake.

Na msidhani kanda zimekufa. Kanda za LTO-9, zilizotoka mwaka 2021, zinabeba TB 18 kila moja, na vituo vikubwa vya data bado vinaziandika usiku na mchana. Skazi ya waya bapa imekwenda, lakini lugha yake bado inazungumzwa ndani ya nyaya mpya za SAS, na Linux bado inakiita kiendeshi st0 na nst0. Ile herufi bado inawasubiri vijana.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Leo jioni, kabla hujalala, chukua nakala rudufu yako moja, iwe ya kanda, ya diski ya nje au ya wingu. Usitazame kama imefaulu. Toa faili moja kutoka ndani yake, iweke kwenye kompyuta nyingine, uifungue uisome kwa macho yako. Kama ni mfumo wa watu wengine, fanya hivyo mbele yao, kabla hujachukua hundi.

Ile Pentium 4 bado iko chini ya meza, kadi yake ndani na diski ya Macintosh ikilinda mlango wa nyuma. Mke wangu hajauliza tena lini itatupwa. Haya, tuonane chapisho lijalo.